AKIBA KABLA YA MSIBA: Historia Fupi ya Maafa Katika Nchi ya Meru na Embu



Kila mwaka kitabu hiki huwaletea hesabu ya fedha, majina ya waliotutoka, na habari za kazi iliyofanyika. Mwaka huu Halmashauri imeona vema kuongeza kurasa chache za historia, na sababu yake ni hii. Katika mikutano yetu imeulizwa mara nyingi kama yafaa sehemu ya michango iwekwe kando kwa ajili ya maafa ambayo hayajatokea, au kama fedha zote zitumike kwa shida zilizo mbele ya macho, yaani maziko, hospitali na karo. Wako wasemao kwamba ajali haina kinga, na kwamba kuiwekea akiba njaa ambayo haijaja ni kama kuiita. Hatukutaka kulijibu swali hilo kwa maneno yetu wenyewe tu. Tumeona ni bora kuwauliza waliotutangulia, kwa maana nchi yetu imepatwa na maafa mengi, na wao ndio waliopita humo wakatuzaa.

NCHI YENYEWE

Kwanza yatupasa kuitazama nchi. Juu yetu umesimama Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Kutoka ukingo wa msitu ardhi hushuka upesi kuelekea mashariki na kusini mpaka mto Tana. Huko juu, kwenye mashamba ya chai, mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Chini yake ni nchi ya kahawa na migomba, kisha nchi ya pamba, tumbaku na mbaazi, na mwisho twafika Tharaka na Mbeere, kwenye joto na miti ya migunga, ambako mvua ni haba na mkulima hupanda huku akitazama mawingu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kutoka kwenye baridi ya msitu na kufika kwenye miiba ya tambarare kwa safari ya siku moja au mbili. Mito yetu, Kathita, Mutonga, Nithi, Thuci na Rupingazi, huanzia mlimani, na maji yake yote huishia katika Tana.

Mvua hutujia mara mbili kwa mwaka, toka Machi hadi Mei, na toka Oktoba hadi Desemba. Msimu mmoja ukikosa, watu wa tambarare huona taabu. Misimu miwili ikikosa mfululizo, ni njaa. Watu wa juu hawaogopi sana ukame, lakini wana hofu zao: maporomoko ya ardhi katika makorongo, mafuriko ya ghafula, na moto wa msituni katika miezi ya Februari na Machi, wakati nyasi zimekauka. Hivyo ni dhahiri ya kuwa shida ya mahali pamoja mara nyingi si shida ya mahali pengine kwa siku ile ile. Neno hilo ni dogo, lakini juu yake ndipo wazee walipojenga kinga zao.

KINGA TATU ZA WAZEE

Kinga ya kwanza ilikuwa ghala. Kila mke alikuwa na ghala lake, na heshima ya nyumba ilipimwa kwa ghala hilo. Katika tambarare walipanda mawele na mtama, na juu wimbi, njahi na kunde. Nafaka hizi ndogo hustahimili jua, na zikikaushwa vizuri na kuchanganywa na majivu hukaa miaka zisiliwe na wadudu upesi kama mahindi. Mbali na ghala la nafaka, mwanamume wa Meru au Embu alikuwa na viazi vikuu vilivyopanda juu ya miti, navyo hukaa chini ya udongo vikimngoja mwenyewe mpaka siku ya haja. Katika Tharaka na Mbeere akiba nyingine ilikuwa mbuzi na mizinga ya nyuki. Mwenye mbuzi alikuwa na nafaka iliyo na miguu, kwani aliweza kumpeleka juu mlimani na kurudi na mzigo wa chakula.

Kinga ya pili ilikuwa undugu. Watu wa tambarare walipeleka asali, mbuzi na ngozi, na watu wa juu walitoa ndizi, viazi vikuu na maharagwe. Katika masoko hayo walioana, wakafanyana rafiki. Katika Meru kulikuwa na agano liitwalo gichiaro, ambalo kwalo ukoo mmoja hufungamana na ukoo mwingine kama watoto wa tumbo moja, hata kama wanakaa mbali na hawana damu ya pamoja. Mtu wa gichiaro akija mlangoni na haja hanyimwi, wala hadhuriwi, na anayemnyima huogopa laana. Wengi wetu leo hulisimulia agano hili kama mzaha, kwamba mtu wa gichiaro aweza kuchukua mbuzi wako nawe usiseme neno. Lakini tukilifikiri vema twaona kwamba lilikuwa jambo la busara sana: mtu alijua, kabla shida haijafika, ni mlango gani atakaobisha na ni nani atakayemfungulia.

Kinga ya tatu ilikuwa mamlaka na habari. Meru ilikuwa na Njuri Ncheke, ambayo makao yake yako Nchiru, na Embu na Mbeere walikuwa na viama vya wazee wao. Wazee hao walilinda visitu vitakatifu visikatwe, na waliamua magomvi ya maji na ya mipaka. Hatari ilipotokea, yowe lilipigwa kutoka kilima hadi kilima, na aliyelisikia hakukaa. Waswahili husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwetu pia ilijulikana nani apigaye mbiu, nani aitikaye, na nani atoaye amri.

Kinga hizi tatu, yaani ghala, undugu na amri, ndizo kipimo tutakachotumia katika habari zinazofuata.

NJAA KUU YA 1897 HADI 1901

Maafa makubwa kuliko yote yaliyosimuliwa na babu zetu ni njaa ya miaka ya 1897 hadi 1901. Sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe wengi katika miaka iliyotangulia. Kisha nzige wakaja, mvua zikakosa msimu baada ya msimu, na mwisho ndui ikaingia. Wakamba waliiita njaa hiyo Ngomanisye, yaani iliyofika kila mahali.

Hata hivyo haikufika kila mahali kwa nguvu moja. Sehemu za juu za Embu, Chuka na Mwimbi ziliendelea kuwa na chakula, na kwa hiyo watu walipanda mlima. Walikuja Wambeere, na walikuja Wakamba kwa maelfu kutoka ng'ambo ya Tana. Waliokuwa na rafiki au mkwe huku walimwendea yeye kwanza. Waliokuwa na mbuzi waliosalia walikuja nao. Wengine walifanya kazi ya shamba kwa ajili ya chakula. Wengi waliokoka kwa njia hii, na hatuna budi kuwashukuru wazee waliofungua milango yao.

Lakini hapa hatutaki kupamba historia. Waliofika bila mbuzi na bila rafiki waliwaweka wasichana na wanawake wao rehani kwa nafaka. Wako waliokombolewa baadaye mvua iliponyesha, na wako ambao hawakukombolewa kamwe, wakaolewa huku na kuzaa huku, wala ndugu zao hawakuwaona tena. Baadhi ya nyumba zetu za leo zimetokana na akina mama hao. Tena, watu walipokusanyika karibu karibu, ndui ilipata njia, ikaua wageni na wenyeji pamoja.

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, undugu uliofanywa mapema uliokoa watu, na waliokosa undugu walilipa kwa watoto wao. La pili, mahali pa kukimbilia bila usafi na bila kutenga wagonjwa hugeuka kuwa msiba wa pili. Mambo hayo mawili hayajabadilika hata leo.

VITA, HOMA NA NZIGE

Serikali ya Waingereza iliingia Embu kwa nguvu ya silaha mwaka 1906, na boma la Meru likaanzishwa mwaka 1908. Tangu hapo amri ilitoka mahali pengine, na kinga ya tatu ya wazee ikapungua nguvu.

Hasara yake ilionekana wakati wa vita ya 1914 hadi 1918. Mwaka 1917 vijana wa wilaya zetu walichukuliwa kwa wingi kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika Tanganyika. Hesabu ya serikali ya wachukuzi waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki ilizidi 40,000, na wengi wao walikufa kwa maradhi na lishe mbaya, si kwa risasi. Jina la Kariokor katika mji wa Nairobi ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wachukuzi. Basi mwaka 1918 mvua ilipokosa, mikono ya kulima haikuwapo na maghala yalikuwa matupu. Mwisho wa mwaka huo ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikiletwa kwa meli hadi Mombasa na kupanda kwa gari la moshi. Ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Ukame peke yake huenda wangaliustahimili. Ukame, vita na homa kwa pamoja viliwashinda.

Miaka kumi baadaye, kuanzia 1928 hadi 1931, nzige walirudi. Watu walipiga madebe, wakawasha moto wa moshi, wakachimba mitaro ya kuwazika nzige wadogo wasio na mabawa. Kazi hiyo ya mitaro ilifaa kwa sababu ilifanywa na kijiji kizima kwa pamoja. Mtu mmoja akifukuza nzige shambani mwake, huwapeleka tu kwa jirani.

MIHOGO YA 1943 NA MIAKA YA VIJIJI

Katika miaka hiyo hiyo jambo jingine lilikuwa likitendeka kimya kimya. Mahindi yalikuwa yakichukua mahali pa mawele, mtama na wimbi. Mahindi huzaa sana mvua ikiwa nzuri, hupendwa sokoni, na watoto hawahitaji kukaa shambani siku nzima kufukuza ndege. Hatulaumu waliopanda mahindi, kwani sisi sote tumelelewa nayo. Lakini mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, hayana msamaha. Tena hayakai ghalani kama wimbi.

Mwisho wa 1942 mvua zilikosa, wakati vita vingine vya dunia vilikuwa vikitafuna chakula cha nchi, na serikali ilikuwa imeanza kudhibiti biashara ya mahindi. Mwaka 1943 ukawa mwaka wa njaa, na katika sehemu zetu za kati jina lake ni njaa ya mianga, yaani ya mihogo, kwa sababu unga wa muhogo ndio uliogawiwa watu. Wazee walio hai ambao walikuwa watoto wakati ule wamepita sasa miaka themanini. Twawaomba vijana wawaendee na kuwauliza habari hizi, kwa maana siku zao si nyingi.

Kisha yakaja mambo ya 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza hali ya hatari, na katika miaka iliyofuata watu wa Embu na sehemu nyingi za Meru waliondolewa nyumbani mwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Hatuandiki hapa habari za siasa. Twataka kuonyesha tu kwamba njaa yaweza kuletwa na amri pia. Kafyu iliwapa akina mama saa chache tu za kufika shambani, na pasi zilizuia watu kwenda sokoni au kwa jamaa wa tambarare. Ghala lilikuwa mbali, undugu ulikatwa kwa ulinzi, na amri ilikuwa mikononi mwa askari. Kinga zote tatu ziliondolewa kwa mara moja, na watoto wakakonda katika nchi ambayo mvua ilikuwa ikinyesha. Katika miaka hiyo hiyo watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Walichimba kwa uchungu, na baada ya uhuru wengine waliyavunja. Lakini aliyeyaacha aliona faida yake mvua kubwa zilipokuja.

GHARIKA YA 1961 NA MAHINDI YA MANJANO

Nazo zilikuja upesi. Mwaka 1961 ulianza kwa ukame mkali, na watu wa sehemu kavu walikula mahindi ya msaada kutoka Marekani. Kisha kuanzia Oktoba mbingu zikafunguka. Tana ilifurika, madaraja na barabara zikakatika, na huko chini katika nchi ya Tana ndege zililazimika kudondosha chakula kwa watu waliozungukwa na maji. Mwaka mmoja ulibeba maafa mawili yaliyo kinyume: waliokuwa wakiomba maji mwezi wa Agosti waliyakimbia mwezi wa Novemba. Ardhi iliyokauka na kukosa majani hainywi maji, bali huyaacha yakimbie na udongo. Kwa sababu hiyo mwenye kujiandaa kwa ukame amekwisha anza kujiandaa kwa mafuriko, ikiwa atapanda miti kando ya mto na kulinda matuta yake.

Mwaka 1984 wengi wetu twaukumbuka wenyewe. Mvua za mwisho wa 1983 zilikuwa hafifu, na zile za Machi 1984 zikakosa kabisa. Serikali ilianza mapema kununua mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na yakauzwa na kugawiwa nchini. Watu walinunua kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na walilalamikia ladha yake, lakini walikula. Njaa ile ingaliweza kuwa kama ile ya babu zetu. Haikuwa hivyo kwa sababu agizo la chakula lilitolewa kabla watu hawajaanza kufa. Meli huchukua majuma mengi kufika Mombasa, na anayengoja mpaka aone mtoto amevimba miguu amechelewa tayari.

SIKU ZETU

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilibomoa barabara na kuporomosha miteremko. Mwaka 2004 jirani zetu wa Makueni na Kitui walipatwa na msiba wa aina nyingine: mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa. Nafaka ile iliwekwa iwe akiba. Kwa hiyo tusemapo ghala, tuseme ghala kavu.

Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza maelfu ya ekari juu ya Mlima Kenya. Mwaka 2020 nzige waliingia Meru, Tharaka na Mbeere, nao walikuwa kizazi ambacho vijana wetu walikuwa hawajapata kuona. Toka mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Kisha Aprili na Mei 2024 mafuriko yakaua karibu watu 300 katika Kenya nzima. Ndiyo habari ya 1961 iliyorudi.

Wala maafa si ya mbingu tu. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Barabara ile ya kutoka Meru kwenda Embu sisi sote twapita, na hakuna mwanachama asiyejua mteremko ule. Katika ajali kama hiyo wa kwanza kufika si gari la wagonjwa. Wa kwanza ni wenyeji, na kama hawana kamba wala taa, wala mtu aliyefundishwa jinsi ya kumwinua aliyevunjika uti wa mgongo, huruma yao yaweza kumdhuru yule wanayemwokoa.

Twashukuru kwamba leo kuna vyombo ambavyo babu zetu hawakuwa navyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya uliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame ilianzishwa mwaka 2011, na hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti zenye sehemu kavu, zikiwamo Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti wajibu wa kuzima moto na kushughulikia maafa. Tuna hospitali kubwa Meru na Embu, na zile za misheni, kama Chogoria iliyoanza mwaka 1922. Basi amri na habari zipo. Swali ni kama zinafika kijijini, na kama kijijini kuna mtu wa kuziitikia.

YATUPASAYO

Kutokana na historia hii, Halmashauri yawaomba wanachama wafikiri mambo yafuatayo katika matawi yao.

Kwanza, kila nyumba iwe na chakula cha msimu mmoja zaidi. Mahindi yakaushwe mpaka punje ivunjike kwa meno, yasimwagwe chini penye udongo, na yafungwe katika magunia yasiyopitisha hewa. Na walio tambarare wasione haya kurudia mawele, mtama, kunde na mbaazi, na walio juu wasing'oe viazi vikuu vya baba zao.

Pili, mwenye mifugo auze baadhi mapema, ukame unapoanza, wakati mbuzi bado ana bei na nyama. Anayengoja huuza ngozi.

Tatu, tawi la juu na tawi la tambarare yajuane kwa majina na kutembeleana katika mwaka mwema. Tusiseme tutasaidiana siku ya njaa ikiwa hatujapata kula pamoja siku ya shibe. Gichiaro ilifanywa wakati wa amani.

Nne, kila kijiji kichague mtu wa kupokea taarifa za mvua na ukame na kuzisoma barazani, kanisani na msikitini kwa lugha wanayoielewa watu. Dalili ya mvua ni mawingu, na ukame nao una dalili zake. Yupo azionaye, lakini mara nyingi haambiwi mtu.

Tano, vijana wasiopungua wawili katika kila tawi wafundishwe huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu. Tawi liwe na kamba, taa, majembe na machela mahali panapojulikana, na ufunguo usiwe kwa mtu mmoja tu. Watoto wajue namba 999 na 112 za polisi, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Sita, asijenge mtu katika korongo wala chini ya mteremko uliopasuka kwa sababu tu kiwanja ni rahisi. Wazee wanajua mahali ambapo ardhi ilipata kuteleza. Waulizwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Saba, siku ya maafa wanawake na wasichana wahesabiwe kwanza na kulindwa kwanza. Tumekwisha kusema ni nani aliyelipa deni la 1899. Asilipe tena.

Sasa twarudi kwenye swali la mwanzo. Chama chetu, kama vyama vingi vya namna hii, kilizaliwa kwa ajili ya kuzikana, wala hatuoni haya kwa hilo, kwani ni jambo la utu kumrudisha mtu kwao. Lakini lazima tukiri kwamba tumekuwa hodari wa kukusanya fedha mtu akiisha kufa, na wazito wa kutoa senti ambayo ingalimzuia asife. Mwanachama akifariki, simu hulia usiku ule ule na fedha hupatikana. Tukimwomba mwanachama huyo huyo fedha za kununua kamba na machela, husema tungoje mwezi ujao.

Kwa hiyo Halmashauri yapendekeza kwamba sehemu moja katika kumi ya michango ya mwaka iwekwe kando, isiguswe kwa karo wala kwa maziko, na itumike kwa mambo saba tuliyoyataja, na kwa msaada wa siku tatu za kwanza maafa yatokeapo, kabla serikali haijafika. Pendekezo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila tawi litapiga kura yake. Twawaomba wazee walisemee, maana wao wamekwisha kuona njaa, na vijana wengi wameisikia tu.

Wanaosema ajali haina kinga wana sehemu ya haki. Basi la Nithi halikupiga hodi. Lakini ukame hupiga hodi miezi mitano au sita kabla haujaingia ndani, ghala lenye unyevu hunuka, na mteremko utakaoanguka huanza kupasuka. Babu zetu waliosikia hodi hiyo waliweka akiba, na kwa sababu hiyo sisi tupo.

Sisi wenu katika kazi,
HALMASHAURI YA CHAMA